Maboga ya mama mdogo Fuoni: maua tele, boga hakuna hata moja

Kisa hichi nakiandika kwa urefu mana kila mwaka Ramadhani ikikaribia suala ni lile lile, boga limetambaa uwani limejaa maua lakini halizai, na majawabu ya mitaani ni matatu tu, mbegu mbovu, tia dawa, au umetiwa jicho. Kwa mama mdogo wangu Fuoni, hapa Unguja, yote matatu yalisemwa na moja likafanyiwa kazi, likazidisha tatizo. Msimamo wangu nauweka mwanzo kabisa: boga linadondosha maua na vitunda kwa sababu mbali mbali na kila sababu inaacha alama yake, kwa hivyo kabla hujatia chochote shika kisu upasue kilichodondoka, halafu amka mapema ulitizame ua likiwa wazi.

Haya, hali ilikuwa hivi. Mama alipanda miche minne mwezi wa 11 mvua za vuli zikiwa zinaendelea, hesabu yake ni futari, mana Ramadhani ya 2025 ilikuwa iingie mwanzoni mwa Machi na yeye futari bila boga la nazi haihesabu futari. Hesabu ilikuwa nzuri kwa kweli. Boga likipandwa katikati ya Novemba linaanza maua wiki ya sita au ya saba hivi, na ua jike likishika tu basi mpaka boga kukomaa ni kama siku 45 hadi 55 kwa aina hii tunayokula sisi. Kwa hivyo ukirudi nyuma kutoka Machi unaona kwamba maua ya Januari ndo futari yenyewe, likipita la Januari bila kushika unakwenda kununua sokoni kwa bei ya mwezi mtukufu, na bei hiyo kila mtu anaijua.

Sehemu yenyewe ni uwani kwake, kumezungushwa ukuta wa matofali mrefu kuliko mtu, banda la kuku pembeni, jua linapiga kuanzia saa mbili asubuhi mpaka alasiri. Juu ya paa la jiko la nje kuna mung'unye umetambaa, huo aliuotesha mwenyewe pia, na naomba msomaji uukumbuke huo mung'unye mana utakuja kutusaidia. Miche ya boga ilikuwa na afya ya kutisha, majani mapana kama sinia, kijani kiwivu, ukipita unakanyaga. Siri ni samadi ya kuku, kila wiki anatoa bandani anamwaga mashinani, mbichi vile vile.

Mwanzoni mwa Januari akanipigia simu. "Mwanangu, maua yanafunguka asubuhi mazuri, mchana yamefunga, kesho yake yako chini, na hakuna kinachobaki. Au mbegu hizi dume tupu?" Nikamwambia mama nipigie picha ya ua, lakini ulipige ubavuni usilipige kwa juu, mana watu wote wanalipiga kwa juu na kwa juu hujui kitu. Picha zikaja WhatsApp nyingi tu na zote zilikuwa maua dume. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, linakaa juu juu, chini yake hakuna kitu, na ndani lina kijiti kimoja chenye unga wa manjano. Ua jike lina kikonyo kifupi kinene na chini yake tayari kuna kiboga kidogo hata kabla ua halijafunguka, na ndani hakuna unga bali kuna kitu kama vidole vifupi vinene, mara nyingi vitatu vilivyogawika, vinanata ukivigusa. Mmea mmoja unabeba maua ya aina zote mbili, sio kwamba kuna mche dume na mche jike kama mpapai, hili wengi wanachanganya, ndo mana mtu akiona dume tupu anasema mbegu mbovu anang'oa. Using'oe! Boga kawaida linaanza na maua dume, wiki moja, mbili, mara nyengine na zaidi, ndo majike yanafuata. Dume likishafunguka asubuhi yake moja likadondoka limemaliza kazi, hilo sio ugonjwa wala hasara.

Ila nilikuwa na wasiwasi na ile samadi, na niliusema hapo hapo. Boga likilishwa naitrojeni nyingi, kile chakula cha majani kilichojaa kwenye samadi ya kuku, linakwenda majani, na maua likitoa linatoa dume zaidi kuliko jike, na joto nalo linasukuma huko huko. Sisi hapa tuko kama nyuzi 6 tu kusini ya mstari wa ikweta, urefu wa mchana wetu kati ya mwezi mrefu na mfupi tofauti yake haifiki hata saa moja, kwa hivyo habari za siku ndefu na fupi tunazozisoma kwenye maelezo ya nchi za baridi kwetu hazina nguvu sana. Joto la kaskazi ndo lenye nguvu, Januari na Februari mchana unafika nyuzi 32 na 33 na usiku haupoi. Mtu anaepanda boga lizae kwenye kusi, Juni Julai, anaona tofauti, majike yanakuja mapema na mengi. Mama joto hawezi kulipunguza lakini samadi anaweza kuiacha. Akaiacha, akawa anatia majivu ya jikoni kidogo na maji asubuhi chini ya shina. Halafu nikamwambia akate ncha ya mtambao mkubwa wa kila mche, kwa sababu matawi ya pembeni ndo yanayobeba majike mengi, na hilo halikuwa na tabu kwake hata kidogo mana ncha zile na majani machanga alikuwa anazitaka za kupika na nazi.

Hapa kuna jambo alinambia kwa kupita tu, na lilikuja kuwa kubwa. Alisema akichuma majani anachuma na maua dume pamoja, vichwa vyake vya jioni vile kabla havijafunguka, mana ni vitamu kwenye mboga na "dume lenyewe halizai, la nini." Wakati ule majike hayajaanza kwa hivyo hakuna kilichoharibika. Sikulikataza, na kwa wakati ule hakukuwa na haja ya kulikataza.

Baada ya wiki moja na kitu majike yakaja, na furaha ikaja. Akatuma picha ya kiboga kama yai la kuku wa kienyeji, ua limefunga kichwani. Siku tatu nyengine picha ya pili: kimegeuka manjano kuanzia ncha, kimesinyaa, ukikigusa kinatoka mkononi. Na chengine hivyo hivyo, na chengine. Hapo ndo yakaanza ya jicho, mana mgeni mmoja alipita akasema "mashaallah maboga yako haya" au hakusema mashaallah, sijui, kila mtu na alivyosikia. Mie sikatai husda, ipo na dini yetu imetufundisha kujikinga nayo, lakini Mwenyezi Mungu kaweka na sababu, na sababu ya hili inaonekana kwa kisu. Jirani mwengine yeye akaleta kichupa cha dawa ya kupulizia mchicha, akasema vitunda vinaangushwa na wadudu, na mama akapulizia majani yote na maua, asubuhi saa moja, kwa sababu hapo jua halijawa kali. Akapulizia tena na tena. Vitunda vikazidi kudondoka.

Nikaenda nikalala kwake ili tuamke pamoja. Baada ya swala ya alfajiri tukatoka uwani na tochi ya simu. Wakati jua linachomoza maua yalikuwa yashafunguka, ua la boga linaanza kufunguka alfajiri na likipigwa na jua la kaskazi saa tatu, saa nne limeshaanza kukunjana, na halifunguki tena. Asubuhi moja, bas. Ua jike lisipopata unga wa dume asubuhi ile hakuna kesho. Tukakaa kwenye kibao tukatizama.

Siku ile yalifunguka majike mawili, na madume tulipoyahesabu yalikuwa matatu tu kwenye miche minne iliyostawi namna ile, wakati mche mmoja peke yake ungeweza kutoa hayo na zaidi. Mengine yako wapi? Yalikwenda kwenye chungu jana jioni. Hilo moja. La pili, ndani ya maua kulikuwa na sisimizi wengi wanakunywa utamu chini kabisa, wanaingia wanatoka, na mama akasema "si hao wadudu wanapita humo?" Ndio mama wanapita, lakini sisimizi habebi unga wa kutosha na hatoki ua hili akaenda lile kwa haraka, anatembea kwa miguu anarudi kwao. Unga wa boga ni mzito una mafuta unanata, upepo hauubebi kabisa. Mahindi yanapandishwa, yani unga wa dume unafikishwa kwa jike, na upepo, boga hapana, lazima nyuki. Na nyuki tukamsubiri mpaka jua limepanda juu ya ukuta, hakuja hata mmoja. Alipita yule mkubwa mweusi anaetoboa mbao, akazunguka mara moja, akavuka ukuta akaenda kwenye mbaazi za jirani ambazo hazikupuliziwa kitu.

Hapo nikachukua kisu. Kulikuwa na kiboga cha siku tatu nyuma kimeshageuka manjano lakini bado kigumu kiasi. Tukakipasua kwa urefu. Ndani kweupe kote, safi, hakuna tundu, hakuna funza, hakuna ukungu, na vile vijimbegu vidogo vimelala bapa havijavimba hata kimoja. Tukapasua na chengine, sawa sawa. Hichi ndo kitu nilichotaka mama akione kwa macho yake: mdudu hajagusa hapa, kwa hivyo dawa ya mdudu inatibu nini? Kitunda hichi hakikuuliwa na mtu, hakikupata unga, na mmea haupotezi chakula kwa kitunda kisicho na mbegu, unakiachia.

Watu wengi wanafikiri ua linahitaji kuguswa tu na unga basi. Sivyo, kila mbegu ndani ya boga imetokana na chembe yake moja ya unga iliyoshuka mpaka ndani. Boga lenye mbegu 300 limehitaji chembe 300 zilizofika, na nyingi nyengine hazifiki, kwa hivyo vile vidole vya ua jike vinatakiwa vipakwe unga vyote na kwa wingi. Nyuki mmoja kupita mara moja mara nyingi hatoshi. Likipata nusu nusu ndo unaona lile boga kombo, upande mmoja umejaa mwengine umebonyea, upande uliobonyea ukiupasua mbegu zake ni maganda matupu. Na likipata kidogo mno linavimba siku nne tano halafu linadondoka, na hili linamvunja mtu moyo zaidi mana alishahesabu.

Sasa ule mung'unye. Mama akanambia, tena kwa hoja nzuri kabisa, "mbona mung'unye unazaa, upo uwani humu humu, dawa nilipulizia wote, maji ni yale yale?" Na kweli ulikuwa umening'iniza mung'unye minne mitano mizuri. Nikamuuliza mama ua la mung'unye ni rangi gani, akasema jeupe. Linafunguka saa ngapi? Akafikiri. Jioni! Ua la mung'unye linafunguka magharibi linakesha wazi, na wanaolihudumia ni nondo na wadudu wa usiku. Dawa ya asubuhi inalikuta limefunga, na maua yake dume hayapikwi kwake kwa hivyo hayakupunguzwa. Udongo mmoja, maji mamoja, ukuta mmoja, tofauti ni saa ya kufunguka na mgeni anaekuja. Kwangu mie hilo lilikuwa ushahidi mkubwa kuliko kitu chochote nilichokiona asubuhi ile, mana kama ingekuwa udongo, au chumvi ya maji ya kisima, au jicho, mung'unye usingebaki salama namna ile.

Kwa hivyo ukiniuliza kisa hichi kilikuwa na sababu gani, nakwambia zilishikana mkono. Dume limechumwa likawa adimu, nyuki kafukuzwa au kauliwa na dawa iliyopuliziwa saa ile ile anayokuja kufanya kazi, na mahali penyewe ni ukuta mrefu na miche minne, hapamvutii nyuki kama shamba. Ndugu zetu wa Konde kule Pemba, karibu na msitu wa Ngezi, maboga yao yanashika yenyewe wala hawajui habari hizi, mana nyuki wapo. Fuoni nyumba zimesongamana, miti inakatwa, nyuki unamtegemea kwa bahati, na ukiwa unampulizia dawa hata hiyo bahati umeifunga. Kati ya yote hayo lililonikera ni dawa. Dume ukiacha kulichuma leo kesho kutwa unalo, nyuki aliekufa harudi, na yule anaefikisha dawa kwao, dawa hiyo inaweza kugusa na wenziwe. Na majani yale yale yanapikwa! Mtu anapulizia asubuhi jioni anachuma mboga ya nazi watoto wanakula. Kwenye kila dawa kuna siku za kusubiri kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye kichupa, na kichupa kile alicholetewa mama kilikuwa hakina hata karatasi.

Tulilofanya asubuhi ile ni kupandisha kwa mkono. Nalieleza taratibu mana hapa ndo watu wanakosea mambo madogo. Unachukua ua dume lililofunguka asubuhi hiyo hiyo, sio la jana, unalikata na kikonyo chake, unachana yale majani yake ya manjano yote mpaka kinabaki kijiti chenye unga. Gusa kwa kidole kwanza, kidole kikiwa cha manjano unga upo, kikiwa kikavu au ua lina maji ya umande na mvua tafuta jengine, unga ukirowa unaharibika. Halafu unaingia kwenye ua jike taratibu, unapaka vidole vyote vya ndani kwa kuzungusha, pole pole, bila kukandamiza, na dume la pili unarudia juu yake. Madume mawili kwa jike moja ni vizuri, matatu bora zaidi. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili ndo wakati wake, kwenye kaskazi saa tatu mie nahesabu imeshachelewa, unga wenyewe unadhoofika na joto. Dume likiwa halipo kwako omba kwa jirani, mradi ni boga la aina ile ile, na la mung'unye au la tango halifai kabisa, hata ukisugua mchana kutwa.

Jike moja tulilipa madume mawili, jengine likapata lile moja lililobaki. Nakumbuka mama alivyoshika, mkono wake mwepesi kuliko wangu mana ameshona kofia maisha yake yote, nikamwachia yeye. Baada ya hapo kila asubuhi akitoka kuswali anapita uwani kwanza. Tukakubaliana mambo matatu, kichupa kinarudi kwa mwenyewe, madume hayachumwi tena ila yaliyokwisha kutumika asubuhi ndo yanakwenda kwenye chungu (na hayo ni matamu vile vile), na vile vidudu vidogo vya rangi ya machungwa vinavyotoboa majani na maua anavikamata kwa mkono asubuhi vikiwa vizito na baridi ya umande, kuku wanavigombania.

Dalili ya kushika inaonekana mapema. Lililoshika kikonyo chake kinanenepa na kinainama, kiboga kinang'aa, siku ya nne kimeshaongezeka unaona bila kupima. Lisiloshika linaanza manjano kule ncha lilikokuwa ua. Lile lililopata madume mawili likashika, lile la dume moja likavimba kidogo likadondoka. Siku zilizofuata madume yaliporudi kuwa mengi yakashika mengine, na huku nyuma wiki kama mbili baada ya dawa kuacha mama akaniambia kaona nyuki, mmoja, halafu siku nyengine wawili watatu. Kivumbasi kilikuwepo nje ya mlango, alikuwa anakikata kila kikitoa maua, nikamwomba akiache kichanue. Nyuki anakipenda sana na kinachanua muda mrefu, kwa hivyo kinamzoesha njia hata siku ambazo boga halina kitu.

Kisa kingeishia hapo kingekuwa kizuri lakini hakikuishia. Mwisho wa Januari akapiga tena simu, sauti imebadilika, viboga viwili vilivyokwisha kufika ukubwa wa ngumi vimelainika na kuoza ubavuni. "Imerudi ile ile." Hapana mama, pasua kwanza. Akapasua simu ikiwa sikioni, nikamsikia anasema "astaghfirullah". Funza weupe tele, wanajikunja wanaruka. Sasa hapa ndo mdudu wa kweli, na tizama tofauti yake: kitunda kilishavimba, mbegu zimeanza kujaa, kwenye ganda kuna kitundu kidogo kama cha sindano kimetoa ute uliokauka, na kinaoza kikiwa kizito, hakisinyai. Huyo ni nzi wa matunda, kuna wa aina yake anaependa jamii hii ya maboga, matango na matikiti, mwekundu wa kahawia njano njano mwenye mbawa zenye mabaka, anatoboa ganda likiwa changa anataga ndani. Dawa ya kupulizia juu haimfikii funza aliemo ndani, kwa hivyo hata hapa kichupa kisingesaidia kitu.

Dawa yake ni kukivika kitunda. Siku ua jike limenyauka baada ya kupandishwa, kabla ganda halijaonwa na nzi, unakizungushia gazeti au karatasi la khaki au mfuko wa kitambaa cha kanga kuukuu, unafunga kikonyoni kwa uzi sio kwa kubana, unaacha nafasi kinenepe, na kikishakuwa kikubwa na ganda gumu unakivua. Mama akashona vifuko. Na vile vilivyooza usivitupe jaani wala usivifukie juu juu, mana funza anatoka anaingia udongoni anageuka nzi anarudi, unavitia kwenye kiroba unakifunga kinakaa juani siku kadhaa mpaka waishe, au unavizamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ungezungumza na jirani naye afanye hivyo kwa matango yake ndo ingefaa hasa, nzi hana mpaka.

Kulikuwa na sababu ya tatu ya kudondoka ambayo nataka niitaje, mana isipotajwa mtu anaweza kuendelea kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Katikati ya Februari mche mmoja uliokuwa umebeba maboga mawili makubwa ukaanza kuangusha kila jike jipya, hata lililopandishwa vizuri na mama mwenyewe. Ukipasua hakuna funza, vijimbegu vimeanza kuvimba halafu vimesita. Huo ni mche umeshiba mzigo. Boga kubwa linavuta chakula chote, na jua la Februari majani yanalala mchana, mmea unajua hauwezi kulea la tatu. Hapo hufanyi kitu, labda maji zaidi, na ukitaka ujue kama maji ni machache tizama jioni: majani yaliyolala saa nane mchana ni kawaida, yakiwa bado yamelala magharibi hiyo ni kiu.

La kwanza, lile la madume mawili, lilivunwa kwenye kumi la kati la Ramadhani. Kikonyo kimekauka kimekuwa kama gamba la mti, ukucha hauingii kwenye ganda, hizo ndo alama za kukomaa, rangi peke yake inadanganya. Baada yake yakafuata mengine, makubwa kwa madogo, moja kombo kidogo ubavuni, na yakatosha futari ya nyumba na sahani za majirani, na yule mwenye kichupa alipelekewa yake.

Mbegu mama kazikausha kwenye ungo kaziweka. Hapo kuna jambo moja kwa mwaka unaofuata. Jirani wa nyuma ya ukuta kapanda boga la kijivu la duara, mama anaogopa lisije likaharibu ladha ya lake. Ladha ya boga linaloliwa haiharibiki kwa unga wa jirani, nyama yake ni ya mama yake, ila mbegu ndo zinaweza kuchanganyika na ukizipanda hujui utavuna nini. Akitaka mbegu safi achague jioni ua jike moja na madume mawili yaliyoanza kuwa manjano ncha, hayo ndo ya kufunguka kesho, ayafunge ncha kwa uzi yasifunguke yenyewe usiku, alfajiri ayafungue apandishe kwa mkono, halafu alifunge tena lile jike na atie alama ya uzi mwekundu kwenye kikonyo chake asije akalisahau likaingia chunguni na mengine.